Ninasomea fedha za familia, na mama yangu amezama katika mikopo ya siri

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, ninakosomea shahada ya masuala ya familia na walaji. Tunafundishwa namna kaya inavyopanga mapato na matumizi yake, namna akiba na mikopo inavyofanya kazi, haki za mlaji mbele ya muuzaji na mtoa huduma, pamoja na lishe na malezi ya watoto. Fani hii niliichagua mwenyewe, naipenda, na matokeo yangu ni mazuri.

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Singida, mwenye umri wa miaka 57. Tangu nilipochaguliwa hakuficha kwamba hakuridhika. Kwake hii ni sayansi kimu iliyobadilishwa jina, na husema mbele ya wageni kwamba haoni sababu ya kumlipia mtoto chuo kikuu akasomee mambo ambayo bibi yake aliyajua bila kukanyaga darasani. Anataka nihamie uhasibu kabla hajastaafu, kwa kuwa baba mdogo anafanya kazi benki na ameahidi kunishika mkono nikiwa na shahada hiyo. Mkopo wangu wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi haufiki ada yote, na kiasi kinachobaki hulipwa na nyumbani. Likizo iliyopita baba alitamka kwamba nisipohama, mwakani hatatoa hata shilingi.

Hilo peke yake ningeweza kulibeba. Lakini katika likizo hiyo hiyo nilimsaidia mama kwenye genge lake la nyanya, vitunguu na dagaa, na nilipotafuta kalamu chini ya meza nikakuta kaunta buku yake. Nusu ya kwanza ni hesabu za genge. Nusu ya pili ni madeni. Ukurasa mmoja ulikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula, tarehe upande wa kushoto, na kila Jumatatu imeandikwa 65,000, nyingine zimewekwa alama ya vema na nyingine zimezungushiwa kalamu nyekundu. Juu kabisa ameandika: "Ada ya mtoto."

Nilimuuliza, akalia, kisha akanieleza. Mwaka jana baba alipomwambia hana fedha, mama alikopa shilingi 400,000 kwenye ofisi moja ya mikopo ili nisizuiwe kufanya mitihani. Walimkata 40,000 ya fomu na bima, akapokea 360,000, na akatakiwa kurejesha 65,000 kila wiki kwa wiki 8. Genge lilipoyumba alikopa kwa mtu binafsi pale mtaani ili kulipa deni la kwanza, na mtu huyo amechukua hati ya mauziano ya kiwanja tunachoishi kama dhamana. Sasa ana mkopo wa tatu pia, wa kwenye simu, na nimeona kwa macho yangu jumbe za vitisho anazotumiwa. Baba hajui lolote. Mama amenisihi nisimwambie, na kila nikigusia suala hili hujibu kwamba dawa ya deni ni kulipa, naye analipa.

Nimerudi chuoni na siwezi kusoma. Mhadhiri alipotufundisha kukokotoa gharama halisi ya mkopo alitoa mfano ambao ulikuwa kama umetoka kwenye daftari la mama, nikashindwa kuandika. Najiuliza fani hii ina faida gani ikiwa siwezi kuiokoa hata nyumba yangu, na ikiwa ni ada ya fani hii hii iliyomwingiza mama katika shimo. Wakati mwingine nafikiri nikubali uhasibu ili baba atulie na mama apumzike. Wakati mwingine nafikiri nimpe mama bumu langu lote la muhula ujao, yaani fedha ya kujikimu ninayopata katika mkopo wa Bodi. Wakati mwingine natamani kumpigia baba simu na kumwambia kila kitu, lakini nitakuwa nimemsaliti mama. Naomba uniongoze.

Binti wa mwalimu

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kwanza nataka ujue kwamba hofu uliyonayo ni ya haki na hujaikuza.

Nikielewa vizuri, yako mambo mawili yaliyofungwa pamoja mpaka yanaonekana kuwa moja. La kwanza ni madeni ya mama, ambayo yanakua kila Jumatatu na sasa yameigusa nyumba mnayoishi. La pili ni fani yako, ambayo baba anataka uiache, nawe umeanza kuitilia shaka. Yamefungwa pamoja kwa sababu fedha ya ada ndiyo iliyoanzisha mkopo wa kwanza. Hata hivyo mwendo wake haufanani: deni haliwezi kusubiri hadi ufunge chuo, ilhali uamuzi kuhusu shahada unaweza kungoja miezi kadhaa bila kuharibika. Ninaogopa kwamba ukiyaamua yote kwa pigo moja, utaiacha fani yako ili kulipoza deni ambalo kuhama kwako hakutalipunguza hata shilingi moja.

Nianze na deni. Umeandika kwamba mama alipokea 360,000 na kutakiwa kurejesha 65,000 kwa wiki 8, yaani 520,000. Tofauti ni 160,000, zaidi ya asilimia 44 ya fedha aliyoishika, na ndani ya miezi miwili tu. Wewe umefundishwa kwenda mbele zaidi ya hapo: baada ya wiki 4 anakuwa amerudisha 260,000, kwa hiyo katika ile aliyopewa imebaki 100,000 tu, na bado anadaiwa 260,000 nyingine. Benki Kuu imewawekea watoa huduma ndogo za fedha wasiopokea amana, yaani wanaokopesha bila kuweka akiba za wateja, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 400,000 wa miezi miwili, hiyo ni shilingi 28,000. Mikopo ya namna hii haikuitwa kausha damu bure.

Sasa niruhusu niliguse wazo moja linalopita katika barua yako yote, kwamba fani yako haina maana kwa kuwa haijaiokoa nyumba yenu. Litazame tena lile daftari. Mistari imepigwa kwa rula, kila rejesho lina tarehe, yaliyolipwa yamewekwa vema na yaliyochelewa yamezungushiwa wino mwekundu. Huyo si mtu asiyejua hesabu. Ninaamini mama yako alijua kwa kiasi kikubwa mkopo ule ungemgharimu nini, akauchukua kwa sababu mtihani ulikuwa unakaribia na mlango uliokuwa wazi siku hiyo ulikuwa huo mmoja. Kumfundisha bajeti kusingemwongezea mlango wa pili. Ndiyo maana masomo yako hayaishii kwenye bajeti: yanaingia katika sheria, katika taasisi zinazotakiwa kumlinda mlaji, na katika vyama vya akiba vinavyompa mtu wa kipato kidogo mahali pengine pa kwenda. Hapo ndipo ninapoona kwamba ulichosoma kinaweza kumfaa mama, si kwa kumlipia deni, bali kwa kumsaidia kuona yuko wapi na anaweza kugeukia wapi.

Kwa mfano, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka hata mtu binafsi anayekopesha kama biashara awe na leseni. Orodha ya wenye leseni hutolewa na Benki Kuu, na unaweza kutafuta humo jina la ofisi ile na la yule mtu wa mtaani. Kuhusu mkopo wa simu, mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini yake. Angalia kama ule wa mama unatoka katika mojawapo. Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma aweke wazi gharama zote kabla ya mkataba, na zinampa mteja njia ya kulalamika, akianza kwa mtoa huduma mwenyewe na kisha kufika Benki Kuu. Hifadhini jumbe zote za vitisho pamoja na kila risiti ya rejesho, kwa kuwa lalamiko lisilo na karatasi halifiki mbali.

Lakini nisikufiche hatari iliyopo. Mkopeshaji anayeshika hati ya kiwanja chenu akisikia mmemshtaki, anaweza kuharakisha kuitumia au kuanza kumsumbua mama gengeni. Kwa hiyo kabla ya kulalamika popote ni vema mama apate mtu wa sheria wa kusoma alichosaini. Wapo wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi hiyo bila malipo katika halmashauri nyingi, na afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kuwaelekeza.

Hati hiyo ndiyo inayonifanya nikuulize kwa upole: je, hii bado ni siri ya mama peke yake? Mkopo wa genge ni wake. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mume au mke hawezi kuiuza, kuigawa wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu hicho kinaweza kuwa kinga yenu, kwa kuwa dhamana iliyotolewa bila ridhaa ya baba inaweza kupingwa. Lakini hakuna awezaye kuitumia kinga hiyo bila baba kujua. Tena wakopeshaji wa kwenye simu wana tabia ya kuwatumia ujumbe watu walio katika orodha ya majina ya mkopaji. Inawezekana kabisa kwamba baba atajua, na kinachobaki mikononi mwenu ni kama atajua kutoka kwa mkewe au kutoka kwa namba asiyoifahamu.

Hapo sikwambii umpigie baba simu usiku wa leo. Umesema ungekuwa umemsaliti mama, na ninadhani una sababu ya kusema hivyo. Aliyekulipia ada kwa jasho na machozi anastahili kuwa wa kwanza kulizungumza jambo lake. Unaweza kumwomba aseme yeye, ukimwahidi kuwa utakaa naye siku hiyo. Unaweza kumwomba mmtafute mtu mzima anayeheshimiwa na wote wawili, shangazi au mama mkubwa au kiongozi wenu wa dini, awe katikati. Unaweza pia kumwambia kwa heshima kwamba siri yake umeibeba hadi ulipofikia, ila karatasi ya nyumba huwezi kuibeba. Kila mojawapo ina gharama yake. Mama anaweza kujifunga zaidi na kukopa pengine bila kuandika. Baba anaweza kuona amedharauliwa na wote wawili. Nawe hukuniambia baba yako huwa mtu wa namna gani anapokasirika. Kama amewahi kumwinulia mama mkono, au kama unaogopa jambo hilo kwa sababu yoyote, basi mpangilio wote unabadilika: mazungumzo yasifanyike wakiwa peke yao, na afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi wajulikane mapema.

Liko jambo jingine ambalo barua yako imelichukulia kuwa linajulikana, nalo ni kwamba baba ana fedha na anaikatalia. Umewahi kuiona slipu yake ya mshahara? Mwalimu wa miaka 57 aliyejenga na kusomesha mara nyingi ana mkopo wa benki unaokatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi, na wako wengi wanaoishi kwenye hiyo theluthi moja iliyobaki. Simjui baba yako, na huenda ninakosea. Lakini mtu aliyemwambia mkewe "sina" huenda alikuwa akisema kweli bila kuonyesha kwa nini, na ukali wake kuhusu fani yako unaweza kuwa ni hofu ya mzazi anayeona mshahara unakaribia kukoma kabla mtoto hajapata wa kwake. Ikiwa ndivyo, nyumba yenu ina madaftari mawili yaliyofichwa, na mama si mkosaji pekee anayepaswa kuungama. Namna utakavyolifikiria hili itabadilisha hata sauti utakayozungumza nayo.

Kuhusu bumu, naielewa nia yako na inanigusa. Lipime tu kwa macho ya darasani. Fedha hiyo ni ya chakula na malazi, nayo ni deni pia, ambalo ukiajiriwa utalirejesha kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wako. Ukiipeleka yote kwenye marejesho ya wiki, nawe ukashinda njaa hadi ukope kwa wenzako, deni litakuwa limehamia hosteli. Kama mkiona ni lazima uchangie kitu, ni afadhali kiwe kiasi kidogo mlichokikubali pamoja, kiende kwenye deni moja lililochaguliwa, pengine lile linaloshikilia hati, baada ya kuyapanga yote matatu katika ukurasa mmoja: aliyekopesha, kiasi kilichopokelewa, kilicholipwa, kilichobaki, na kinachotokea asipolipa. Kazi ya ukurasa huo unaiweza, na mama akiona kwamba hukuja kumhukumu, naamini atakufungulia daftari. Baada ya hapo ndipo swali la kuhamishia madeni kwenye SACCOS au VICOBA, yaani vyama na vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, litakuwa na maana, kwa kuwa huko nako mtu hukopeshwa kwa kutazama akiba na nidhamu yake, na mkopo mpya bila kuyafunga ya zamani utakuwa tu deni la nne.

Sasa fani. Baba anapoiita sayansi kimu hakosei kuhusu ukoo wake. Anakosea kuhusu uzito wake. Taaluma hii ilijengwa na watu kama Ellen Swallow Richards, mwanamke wa kwanza kupata shahada katika chuo cha MIT huko Marekani, mwaka 1873, mkemia aliyepima maji na vyakula vilivyochanganywa na uchafu, na aliyeongoza mikutano ya Lake Placid iliyoijenga fani hii kuanzia mwaka 1899. Alitaka mambo ya nyumbani yachunguzwe kwa sayansi ile ile inayotumika viwandani. Baadaye zikaja haki za mlaji: Rais Kennedy alizitaja nne katika ujumbe wake kwa Bunge la Marekani tarehe 15 Machi 1962, Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo yake mwaka 1985, nasi tukatunga Sheria ya Ushindani mwaka 2003, ambayo chini yake Tume ya Ushindani hushughulika na kuwalinda walaji. Bibi yako alijua mengi, lakini mtu wa kumsomea mkataba wa mkopo wa simu hakuwahi kumhitaji.

Kuhusu ajira, nikuambie ukweli wa pande zote. Fani yako ina nafasi katika maendeleo ya jamii, katika kusimamia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo wanawake hupewa 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, katika vyama vya akiba na mikopo, katika mabaraza ya watumiaji wa nishati, maji, mawasiliano na usafiri, na katika mashirika ya lishe na familia. Udhaifu wake ni kwamba jina la shahada halifahamiki sana, na tangazo la kazi linaweza kutaja shahada nyingine na kuiacha yako hata kama kazi unaiweza. Kusanya matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya miezi iliyopita uone ni mangapi yameitaja au yameacha nafasi ya fani inayolingana, kisha waulize wahitimu waliokutangulia wako wapi. Uhasibu nao una jina linalojulikana kila mahali, na kwa sababu hiyo hiyo una wahitimu wengi wanaogombea nafasi. Ahadi ya baba mdogo ni ya upendo, lakini benki huajiri kwa utaratibu wake, na ni haki yako kumuuliza kwa adabu msaada huo ungekuwa wa namna gani hasa.

Kuhama ukiwa mwaka wa pili kunaweza kukurudisha mwaka wa kwanza, na kunaweza kuuathiri mkopo wako. Ofisi ya udahili na ofisi ya mikopo chuoni zitakupa jibu la maandishi, na jibu hilo ukilipeleka kwa baba litakuwa na nguvu kuliko ubishi. Mwonyeshe pia kwamba mlango wa uhasibu haufungwi na shahada yako, kwa kuwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu huwapokea wenye shahada za fani nyingine katika mitihani yake, ingawa huanzia ngazi ya chini kuliko waliosoma uhasibu. Inawezekana pia kwamba baada ya kupima yote haya utaona kuhama kunakufaa. Ukiona hivyo, usidhani umeshindwa. Ninachokuomba ni kwamba uamuzi huo uufanye kwa kuitazama fani yenyewe, na usiufanye kama fidia ya machozi ya mama, maana hakukopa ili uiache.

Kwa wiki hii, nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi ukawaeleze kwamba nyumbani kuna tatizo linalokuzuia kusoma. Si lazima uwatajie deni. Ulizia kama ada iliyobaki inaweza kulipwa kwa awamu, na kwa kiasi gani kila awamu, kwa sababu hilo likijulikana sasa, mama hatalazimika kukimbilia kwa mkopeshaji mitihani ikikaribia. Ukishazungumza naye, niandikie tena, uniambie yeye mwenyewe anataka nini.

Mshauri